Sanduku, Begi au Ndoo: Mjadala wa Mafundi wa Lizaboni

Kubeba vifaa vya ufundi ni suala la nafasi kabla halijawa suala la sanduku. Katika kata ya Lizaboni, Manispaa ya Songea, fundi mwenye gari lake mwenyewe la kazi ni wa kutafuta. Walio wengi hufika kwa mteja kwa bodaboda, kwa bajaji, kwa guta la injini maarufu kama toyo, au kwa kirikuu ya kukodi, na vifaa vyao hugombea nafasi na abiria, saruji, mabomba na mabati. Fundi huyohuyo anaweza kuanza asubuhi Bombambili, mchana akaitwa Msamala, jioni akamalizia Ruhuwiko. Chombo cha kubebea vifaa vyake kinapanda na kushuka mara nyingi kuliko yeye anavyokula.

Tatizo limekua pamoja na umeme. Hadi Songea ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 inayotoka Makambako kupitia Madaba, mji ulitegemea kwa kiasi kikubwa jenereta za dizeli. Umeme wa gridi ulirahisisha kazi ya drili, grainda, msumeno wa mviringo na mashine ya kuchomelea ya inveta. Seremala aliyekuwa akitembea na randa, msumeno na patasi tatu sasa ana mashine kadhaa, kila moja na waya wake, na waya hula nafasi kuliko mashine yenyewe.

Mjadala ufuatao umepangwa kwa sauti za fani: seremala, ambaye ndiye mzee wa kundi, fundi umeme, ambaye ni binti aliyepita chuo cha ufundi cha VETA, fundi bomba, mwashi, na mwenye kirikuu, asiye fundi lakini ndiye mwenye nafasi inayogombewa. Sauti hizi si za watu fulani. Ni hoja zinazosikika popote vifaa vinapopakiwa.

Gari linasema kwanza

Mwenye kirikuu: "Mimi napakia mali ya mteja kwanza. Saruji inalipiwa, sanduku la fundi halilipiwi. Mzee akija na kabati zima, nalo niliweke wapi?"

Seremala: "Weka mlango wa nyuma wazi, bwana mdogo, litakaa."

Mwenye kirikuu: "Litakaa, mzee, ila mabati ya mteja ndiyo yatabaki dukani."

Malalamiko hayo yana hesabu nyuma yake. Kirikuu, yaani Suzuki Carry na ndugu zake, ni gari lililobuniwa kwa kanuni za Japani za magari madogo. Kwa kanuni zilizoanza Oktoba 1998, gari la aina hii halizidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na kimo cha mita 2, na injini yake haipiti sentimita za ujazo 660. Mzigo unaoruhusiwa ni kilo 350. Hiyo ni mifuko saba ya saruji ya kilo 50, basi. Sanduku la vifaa lenye kilo 50 limekula mfuko mmoja, na mafundi wawili wenye masanduku ya namna hiyo wamekula miwili. Kwamba barabarani uzito huo hupitwa kila siku haibadilishi kitu. Springi na breki hazijui mazoea ya mji.

Kitanda cha kirikuu kina urefu wa karibu mita 1.9 na upana wa mita 1.4. Chombo kinachosimama kwenye ukingo wa nyuma ya kibanda cha dereva, kikachukua kina cha sentimita 30 tu, kinaacha mita 1.6 za kulaza mzigo. Chombo hichohicho kikiwekwa katikati kinaharibu kitanda chote, kwa sababu bati na bomba havipindi kukizunguka. Ndiyo maana kipimo cha kina kina uzito kuliko kipimo cha ujazo: sanduku refu na jembamba linasamehewa, la mraba linaleta ugomvi.

Kwa bodaboda hesabu ni nyingine. Mzigo ukifungwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu, uzito wake unaangukia nyuma ya ekseli, na kwenye mwinuko gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Vizito vinatakiwa vikae chini na karibu na kiti. Begi la mgongoni linamsogeza fundi nyuma kidogo lakini haliyumbishi pikipiki kama sanduku pana linavyoyumbisha. Bajaji inasamehe zaidi: chombo chenye kimo kisichozidi goti kinaingia miguuni mwa abiria bila kulipiwa kiti.

Mzigo mmoja au kadhaa

Hapa ndipo penye ubishi wa kweli, kwa kuwa kila upande una haki yake.

Seremala: "Begi ni la safari ya kwenda, mwanangu. Kurudi je? Jioni giza limeingia, mteja anataka mlango wa choo umaliziwe leoleo. Utajuaje kwamba patasi ya nusu inchi imebaki chini ya maranda? Kwenye sanduku langu kila kifaa kina kitanda chake. Kabla sijafunga natazama: kitanda kitupu kinaniambia."

Fundi umeme: "Hilo nakubali, mzee. Lakini wewe ukifika kwa mteja unakaa siku tatu. Mimi kwa siku naingia nyumba nne, nyingine ni swichi moja tu. Nikishuka kwenye boda na sanduku la kilo ishirini kuja kubadilisha soketi, mwenye nyumba atadhani nimehamia."

Fundi bomba: "Nyie mnabeba vikavu. Mimi narudi na spana ya bomba imejaa tope, na mashine ya PPR bado ya moto."

Hoja ya seremala ni hoja ya kuhesabu, nayo ni nzito kuliko inavyoonekana. Gharama kubwa ya vifaa vidogo ni kuvisahau, wala si kuibiwa. Mtu mwenye sanduku lililogawanywa anahesabu kwa kutazama, mwenye begi anahesabu kwa kupapasa. Utamaduni wa sanduku la seremala una mizizi mkoani Ruvuma: Wabenediktini walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, magharibi ya Songea, walijenga karakana za useremala na uashi, na karakana hufundisha kwamba kila kifaa kina mahali pake ukutani. Sanduku ni ukuta huo uliokunjwa.

Hata hivyo ukuta una uzito. Sanduku la bati la chuma lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 lina eneo la mita za mraba 0.9. Likitengenezwa kwa bati la unene wa milimita moja lina kilo 7 kabla halijaingia msumari mmoja. La plaiwudi ya milimita 9 kwa vipimo hivyohivyo ni kama kilo 5. La mbao za mninga za milimita 12 linakaribia lile la chuma. Ukijaza vifaa, kilo 25 hazikawii kufika, na zote zinaning'inia kwenye mkono mmoja. Mpini wa nondo uliokunjwa bila kuvikwa chochote huacha alama kwenye vidole kabla ya mtu kumaliza ngazi. Wanaojua huuvika kipande cha mpira wa maji.

Hoja ya fundi umeme ina nguvu kwa sababu inahusu idadi ya safari. Kazi zake nyingi hufanywa kwa vifaa vichache: testa, bisibisi mbili, plaizi, kisu cha kumenyea waya, mita. Hivyo vinafaa kukaa pamoja kwenye mfuko mdogo unaoingia kila nyumba. Drili, tindo na nyundo ya kuchimbia ukuta vinasubiri mzigo wa pili, ambao unaweza kubaki kwenye bajaji mpaka ukuta wenyewe uonekane. Kwa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuna pia mega ya kupimia ukinzani wa kihami cha waya, kifaa ghali kisichotaka kulala chini ya nyundo.

Basi mgawanyo ulio bora ni wa kazi. Kugawa kwa aina ya vifaa, bisibisi zote hapa, koleo zote pale, kunapendeza dukani na kunamchosha fundi kazini, kwa maana hakuna kazi inayotaka bisibisi zote. Kugawa kwa kazi, yaani "kubadilisha soketi", "kuvuta laini mpya", "kutoboa ukuta", kunamaanisha vifaa vingine vitanunuliwa mara mbili: testa mbili, bisibisi ya nyota mbili. Mafundi wengi hulikataa hilo kwa sababu ya bei. Wanakosea, bisibisi ya pili ni nafuu kuliko nauli ya boda ya kuifuata ya kwanza.

Seremala: "Na msumeno wangu utaugawa vipi, binti?"

Swali lake halijibiwi kwa mgawanyo wa kazi. Kifaa kirefu kuliko vyote ndicho kinachopanga urefu wa sanduku, na hapo ndipo masanduku ya useremala yanapokuwa majeneza. Msumeno wa mkono pamoja na mpini wake unakaribia sentimita 70. Ndani ya sanduku la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 utaingia kwa mshazari tu, kona ya chini kwenda kona ya juu, na kila kingine kitalazimika kuuzunguka. Ni bora virefu vitoke sandukuni kabisa. Msumeno, pima maji ya sentimita 120 na rula ya chuma vifungwe pamoja kwenye ala ya turubai. Meno ya msumeno huvikwa kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa kwa kisu upande mmoja kwa urefu wake wote. Kinabana chenyewe wala hakihitaji kamba. Sanduku likishaachana na virefu linaweza kufupika hadi sentimita 40, na ugomvi na mwenye kirikuu unapungua.

Fundi bomba anabaki na mzigo wake pekee. Mashine ya kuunganisha mabomba ya PPR hufanya kazi kwenye nyuzi joto karibu 260, na ikizimwa hubaki na moto muda mrefu baada ya fundi kutaka kuondoka. Turubai itaungua, plastiki italegea. Kwa hiyo lile kasha la bati ambalo mashine huuzwa nalo, ambalo wengi hulitupa kwa kuwa linakula nafasi, ndilo chombo chake halali.

Ndoo

Mwashi: "Mimi sina ugomvi na mtu. Mwiko, timazi, kamba, nyundo, tindo, vyote kwenye ndoo ya rangi ya lita 20. Nikifika navimimina chini, ndoo inaenda kuchota maji."

Ndoo inadharauliwa kwa sababu ni ya bure. Haipitishi maji, ina mpini uliozoea uzito, mfuniko wake unakuwa kiti, na ikipasuka inapatikana nyingine. Marekani, kwenye ndoo za galoni 5, ambazo ni karibu lita 19, mafundi huvisha mifuko ya turubai yenye vijifuko ndani na nje, ili vifaa visilaliane chini. Fundi cherehani wa Lizaboni hahitaji mfano zaidi ya ndoo yenyewe: anazungushia turubai, anashona vijifuko kwa vipimo vya mpini wa mwiko na koleo, na kazi imeisha.

Kasoro yake ni umbo. Duara halipangani na duara. Katikati ya ndoo nne zilizosimama pamoja hubaki uwazi usiofaa kitu. Kwenye kirikuu iliyojaa, ndoo moja ni rafiki na ndoo tano ni hasara. Na ndoo ya kuning'iniza kwenye usukani wa pikipiki, jambo linaloonekana kila asubuhi, inavuta usukani upande mmoja hadi dereva anakata kona asiyoikusudia.

Masanduku yanayopangana

Viwanda vya Ulaya na Marekani vimetoa jibu la aina moja: masanduku ya plastiki yenye vipimo vya pamoja, yanayoshikana juu kwa chini hadi yawe mnara mmoja. Kampuni ya Tanos ya Ujerumani ilitoa Systainer mwaka 1993. Milwaukee ya Marekani ikatoa Packout mwaka 2017. Fundi anachukua sanduku la kazi ya leo na mnara uliobaki unakaa garini.

Fundi umeme: "Nikipata hela nanunua hayo. Yanafungana, hayapigi kelele, kila moja na kazi yake."

Mwenye kirikuu: "Kreti za soda zinapangana hivyohivyo, dada, na hujawahi kusikia mtu akizinunua kwa mkopo."

Utani wake una ukweli. Faida ya masanduku hayo haipo kwenye plastiki, ipo kwenye vipimo vya pamoja, na vipimo ni bure. Nusu ya pili ya faida, ile ya mnara unaobaki garini, inamhitaji mtu mwenye gari lake linalolala na vifaa ndani. Anayekodi kirikuu leo na toyo kesho anaubeba mnara wote nyumbani kila jioni, vipande vyote pamoja. Tena kishikizo cha plastiki kikivunjika hakichomelewi.

Jibu linalofaa zaidi hapa ni kukubaliana na kitako kimoja. Plaiwudi yenye futi 4 kwa 8 inatoa masanduku kadhaa ya kitako cha sentimita 40 kwa 30, mengine ya kimo cha 15, mengine ya 30. Vipande viwili vya ubao vikigongwa chini ya kila sanduku, ndani kidogo ya kingo, vinaingia kwenye ukingo wa sanduku la chini na mnara hautelezi. La kimo cha 30 lina kilo 3.5 hivi likiwa tupu, la 15 lina kilo mbili na nusu. Matatu yakipangwa kwa upana wa kirikuu yanachukua sentimita 120 kati ya 140, na uwazi wa sentimita 20 unaobaki pembeni ndio mahali pa ile ala ya msumeno na pima maji, ikiwa imesimamishwa.

Seremala: "Hapo sasa mmenirudia. Si sanduku la mbao hilo?"

Fundi umeme: "Ni sanduku lako, mzee, limekatwa vipande vitatu."

Vidogo

Skrubu, plagi za ukutani, vishikio vya waya na vioo vya fyuzi hukaa kwenye vikasha vya plastiki vya vyumba vyumba. Kwenye lami vinatulia. Kwenye barabara za mitaa zenye makorongo skrubu za inchi moja hupanda juu ya kuta za vyumba na kushuka upande wa pili, na mwisho wa safari kikasha kizima ni kachumbari. Sababu ni uwazi mdogo kati ya kuta na mfuniko. Kipande cha godoro la sponji, unene wa kidole, kikibandikwa ndani ya mfuniko kinaziba uwazi huo na kila skrubu inabaki chumbani mwake. Wasiotaka kikasha hutumia chupa za dawa zenye vifuniko vipana. Zinafaa, ila zinataka maandishi juu ya kifuniko, kwa sababu zikisimama zote zinafanana.

Kufuli na uvungu

Seremala: "Langu lina kufuli mbili."

Mwenye kirikuu: "Mwizi hafungui, mzee. Anabeba lote, anaenda kufungulia kwake."

Kufuli kwenye chombo ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba humzuia mdokozi anayechukua plaizi fundi akigeuka. Mwizi hazuiliki nayo. Kinachomzuia mwizi ni kufunga chombo kwenye kitu kisichobebeka: pete ya nondo iliyochomelewa kwenye kitanda cha gari, na mnyororo unaopita kwenye mipini yote. Mashine zenye namba ya kiwandani zipigwe picha ya namba hiyo, na zilizobaki ziwe na alama ya rangi inayojulikana na mafundi wa jirani, kwa kuwa kifaa cha wizi mara nyingi huuzwa kwa fundi mwingine.

Usiku chombo kinalala chumbani. Hapo kipimo kinachosahauliwa kuliko vyote ni uvungu wa kitanda. Sanduku lenye kimo cha sentimita 30 linaloagizwa kwa fundi wa kuchomelea bila kupima uvungu linaishia mlangoni, likigongwa na kila anayepita, na baada ya mwezi linahamia barazani ambako mnyororo haupo.

Mvua

Songea hupata mvua ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Kwa miezi hiyo kirikuu isiyo na turubai ni beseni. Sanduku la bati lenye mfuniko unaoshuka sentimita mbili nje ya kuta linazuia mvua ya juu, lakini maji yakiingia hayatoki. Matundu mawili madogo kwenye kona za chini yanatosha, na miguu ya ubao inaliinua juu ya maji yanayotembea kitandani. Plaiwudi hunywa maji kupitia kingo zake zilizokatwa, hivyo rangi ya mafuta ipakwe kwenye kingo kwanza, mara mbili, kabla ya pande pana. Turubai hulowa polepole na kukauka polepole vilevile. Begi lililofungwa likiwa bichi jioni linaamka na kutu kwenye kila makali.

Fundi bomba: "Kwa hiyo usiku liachwe wazi?"

Seremala: "Wazi, na vifaa vitoke. Randa na patasi vipanguswe kwa kitambaa chenye oili ya cherehani. Begi lining'inizwe."

Fundi umeme: "Na mega na betri za drili nazitoa kabisa, mzee. Hizo nalala nazo chumba kimoja, ila si sanduku moja na chuma kibichi."